Uzoefu wangu na dodoso la kazi la O*NET

Hadi nafika mwaka wa pili wa shahada ya uhasibu hapa Dar es Salaam, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama kazi yenyewe naipenda. Kidato cha tano nilipangiwa tahasusi ya ECA (uchumi, biashara na uhasibu) kwa kufuata ufaulu wangu, na kutoka hapo uhasibu ukawa njia iliyonyooka, yenye mkopo na baraka za nyumbani. Ndiyo maana dodoso la O*NET Interest Profiler, linalopima mtu anapenda kazi za aina gani na linalopatikana bure kwenye tovuti ya My Next Move inayodhaminiwa na Wizara ya Kazi ya Marekani, lilinishika tangu maelezo yake ya mwanzo: linamtaka anayejibu asifikirie kama ana elimu ya kutosha wala kama kazi ina mshahara mkubwa, bali aseme tu kama angependa kuifanya.

Sharti hilo ni gumu. Maswali yako 60, kila moja likitaja shughuli moja, kama kujenga kwa matofali, kutengeneza dawa mpya au kukokotoa mishahara ya wafanyakazi, nawe unachagua jibu moja kati ya matano. Mara tatu nilibonyeza kwamba napenda kwa sababu tu nilikuwa namfikiria baba, nikarudi kurekebisha. Lilipokuja swali la kufundisha lugha ya alama, kidole kilibonyeza "napenda sana" kabla sijawaza, nami nikakaa kimya kwa muda.

Majibu hupangwa katika makundi sita yaliyotokana na nadharia ambayo mwanasaikolojia John Holland aliichapisha mwaka 1959, na kila kundi lina alama zisizozidi 40. Kundi la kuhudumia na kufundisha watu nilipata 34. La kumbukumbu na taratibu, ambalo ndilo uwanja wa mhasibu, nilipata 19. Usiku ule nilijaribu kukumbuka siku niliyofurahi kuliko zote wakati wa mafunzo kwa vitendo, na haikuwa siku ya kufunga hesabu za mwezi. Ilikuwa mchana ambao mama mmoja, fundi cherehani, alileta daftari la mauzo lililochanganya nauli za watoto na fedha za vitambaa. Nilikaa naye kwenye benchi, tukagawa ukurasa kwa rula, upande huu duka na upande huu nyumba, mpaka akasema, "Kumbe mwanangu, duka halina hasara, ni mimi ninalila."

Baada ya alama, dodoso hutoa orodha ya kazi kwa ngazi tano za maandalizi, yaani kiasi cha elimu na uzoefu ambacho kazi inahitaji. Hapo mwanafunzi wa huku awe makini, kwa kuwa mishahara inayotajwa ni ya Marekani na maelezo yako kwa Kiingereza na Kihispania. Mimi nilichukua majina ya kazi tu, kisha nikaenda kuwauliza wanaozifanya hapa mjini, na mazungumzo hayo yalinifaa kuliko orodha yenyewe. Ningeshauri pia mtu alijibu akiwa peke yake, kwani rafiki akichungulia simu majibu hubadilika.

Uhasibu sijauacha. Mafunzo ya mwaka huu nimeomba kuyafanyia kwenye shirika linalofundisha wanachama wa vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha, kutunza vitabu vya hesabu, na barua niliipeleka mwenyewe Jumatatu.