Plagini za studio: uliza kwanza leseni inakaa wapi

Maprodyusa wa Kondele na Nyalenda, mitaa ya Kisumu, wamenijazia simu kwa kilio kimoja: msanii yuko kwenye maiki, bando limekatika, na plagini, ile programu ndogo ya kurekebisha sauti ndani ya programu ya kurekodi, imegoma kufunguka hadi leseni yake ikaguliwe mtandaoni. Kwa hiyo utamu wa sauti nauacha, kila mtu ana masikio. Mimi naangalia leseni tu.

Namba moja ni Valhalla VintageVerb, plagini ya mwangwi, na naipenda waziwazi. Ni dola 50, kama shilingi 6,500, unalipa mara moja na matoleo mapya ni bure. Leseni yenyewe ni faili dogo unaloliweka kwenye flashi. Laptopu ikifa leo, kesho unaendelea na kazi kwenye nyingine. Halafu inaufaa muziki wetu. Nyatiti, ala ya Waluo, ina nyuzi 8, lakini mpigaji pia amevaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na anagonga nayo chombo. Ukiachia mwangwi mrefu, mlio ule wa chuma unazifunika nyuzi. Ufupishe hadi kama sekunde moja, uchuje besi kidogo, kila kitu kitasikika mahali pake.

Ya pili ni FabFilter Pro-Q, ikwalaiza, yaani ya kupandisha au kushusha besi na sauti za juu. Leseni ni maandishi unayobandika, basi. Ila bei inazidi ya Valhalla mara tatu.

Ya tatu ni Melodyne, ya kunyoosha noti za mwimbaji. Inaruhusu kompyuta mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo toa leseni kwenye mashine ya zamani kabla hujaiuza.

Waves, kampuni ya plagini, naiweka chini. Leseni zake zinakaa hata kwenye flashi, hilo nalisifu, lakini Machi 2023 walitangaza kwamba hawauzi tena, ni kukodisha tu. Wateja wakawaka, nao wakarudi nyuma baada ya siku chache. Sijawaamini tena. Na plagini inayotumia iLok, mfumo wa kulinda leseni, usiitumie kwa njia ya Cloud, yaani leseni ikikaa mtandaoni, maana inadai intaneti muda wote unaofanya kazi. Nunua kile kifaa chake cha USB.

Za bure: Valhalla Supermassive ya mwangwi na TDR Nova, ikwalaiza. Pakua.

Wanaonikera zaidi ni wauzaji wa flashi za plagini zilizovunjwa ulinzi wa leseni. Wanamwambia kijana azime antivairasi ndipo zikubali, wanapokea pesa, na mashine ikiharibika pamoja na nyimbo za wateja wake, simu yao haishikwi.