Kurasa pepe za Kirby: tamu kwa kusoma data, chungu kwa kuihariri

Kirby ni mfumo wa kusimamia maudhui wa PHP kutoka Ujerumani. Kwa kawaida kila ukurasa wake ni folda yenye faili la maandishi, wala hauhitaji hifadhidata. Tangu toleo la 3 la mwaka 2019, ukurasa unaweza pia kuzaliwa na msimbo peke yake, bila folda; huo ndio ukurasa pepe. Duka la vipuri lenye orodha ya bidhaa kwenye CSV (faili la maandishi lenye jedwali) lina sababu ya kutosha kuuchagua kwa hilo tu.

Kazi yenyewe ni fupi. Tengeneza folda ya mzazi, content/vipuri, yenye faili vipuri.txt. Kisha andika site/models/vipuri.php yenye klasi VipuriPage inayorithi Page. Humo unaandika upya children(): soma CSV kwa fgetcsv, kila mstari uupe slug (jina la ukurasa kwenye anwani), num (namba ya mpangilio), template (kiolezo) na content (maudhui), halafu rudisha Pages::factory($orodha, $this). Jina la klasi lisipolingana na la kiolezo, Kirby hainung'uniki. Ukurasa wa mzazi unafunguka, watoto hakuna. Ukisahau num, kurasa zinafunguka kwa anwani zake lakini hazitokei kwenye listed(), yaani kurasa zilizoorodheshwa. Weka 0.

Penye mitego mingi ni slug. Bidhaa mbili zikiitwa "Kichungi cha Mafuta", zote zinakuwa kichungi-cha-mafuta, na ya pili inaifuta ya kwanza kimyakimya. Unganisha jina na namba ya kipuri: Str::slug($r['Jina'] . '-' . $r['Namba']), $r ikiwa mstari mmoja wa CSV. Na CSV iliyotoka Excel mara nyingi huanza na baiti tatu zisizoonekana, za BOM (alama ya usimbaji mwanzoni mwa faili). PHP itasema safu ya Jina haipo ilhali unaiona kwa macho. Ziondoe kabla ya kusoma vichwa.

Tangu toleo la 3.8 kila ukurasa una uuid, kitambulisho chake cha kudumu. Iweke ndani ya content, itokane na namba ya kipuri. Uuid::generate() huzaa mpya kila data inaposomwa, na viungo vilivyohifadhiwa kwa uuid vinakatika.

children() huitwa mara kadhaa katika ombi moja, kwa hiyo anza kwa kuangalia kama $this->children tayari ni Pages. Data ikitoka kwenye API, ihifadhi kwenye kashe kwa dakika 30 hivi, na hiyo kashe iwashwe kwenye config.php, isipowashwa, set() ya kashe haihifadhi chochote na hupati onyo lolote.

Udhaifu mkubwa uko kwenye kuhariri. Panel, sehemu ya Kirby ya kuhariri maudhui, inazionyesha kurasa hizi vizuri, ila anachobadilisha mhariri hakirudi kwenye CSV mpaka uandike mwenyewe msimbo wa kukirudisha. Kwa orodha ya bei inayosasishwa kwingine, zima update kwenye blueprint (faili la mipangilio ya ukurasa ndani ya Panel) na utaridhika. Kwa maelezo yanayohaririwa kila siku na wafanyakazi, tumia folda za kawaida.

Leseni hulipiwa kwa kila tovuti. Kujaribu kwenye kompyuta yako ni bure.