Lebo Inayochoma Shingo: Aina Sita, Kuanzia ya Kununua Hadi ya Kukimbia

Nina shati moja la samawati ambalo nimelivaa mara mbili tu. Lilinikaa vizuri, na siku ya kwanza watu walilisifu. Hakuna aliyejua kwamba saa nne nzima za kikao nilikaa wima kama mtu aliyelala vibaya akaamka na shingo ngumu, kwa sababu kila nikiinama kuandika, pembe ya lebo ilinidunga palepale, chini kidogo ya nywele. Niliporudi nyumbani nikachukua mkasi nikaikata. Mara ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Kile kisiki nilichokiacha kwenye mshono kilikuwa na meno.

Tangu hapo, nikienda kununua nguo, naigeuza nje ndani kwanza, rangi na mtindo baadaye. Wauzaji wengine hunitazama kwa mashaka. Wanitazame tu. Shingo ni yangu.

Kinachochoma ni nini hasa

Wengi hulaumu kitambaa cha lebo, eti ni kigumu. Mara nyingi kitambaa hakina kosa. Wakosaji ni watatu: ukingo, pembe na uzi.

Lebo nyingi za kufumwa hutengenezwa kwa poliesta. Mtambo hufuma kitambaa kipana chenye safu za lebo nyingi, kisha kitambaa hicho hukatwa vipande kwa waya au kisu cha moto, ili nyuzi zisifumuke. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto 250 hivi za Selsiasi. Ikiyeyuka na kupoa, ule ukingo unakuwa plastiki tupu. Ishike lebo ya namna hiyo mbele ya dirisha uitazame pembeni: utaona mstari mwembamba unaong'aa, na kwenye pembe kuna kitone kidogo kigumu kama punje ya mchanga. Hicho ndicho kinachokuchimba.

Halafu kuna uzi. Viwanda vingi hupenda kushonea lebo kwa uzi wa nailoni usio na rangi, unaofanana na mshipi wa kuvulia samaki. Wanaupenda kwa sababu unaendana na nguo ya rangi yoyote, hivyo mshonaji hahitaji kubadilisha uzi kila mara. Kwenye mashine ni raha. Kwenye ngozi, ncha yake ikichomoza milimita mbili tu, umevaa sindano. Usiku unaweza kuikata lebo yote ukaitupa, na asubuhi bado unachomwa, kwa sababu uzi umebaki umekaa kwenye mshono wake bila wasiwasi.

Kwa nini basi hatuzoei? Nguo yenyewe tunaisahau dakika chache baada ya kuivaa, maana ngozi huacha kuripoti mguso uliotulia. Lebo haitulii. Ukigeuza kichwa, nayo inasogea. Ukitoka jasho, ngozi inalainika na msuguano unaongezeka. Na kuna watu ambao hawawezi kupuuza hata kidogo: wenye ukurutu, wenye usonji, na wengine ambao ngozi yao huhisi kila kitu. Mtoto anayelia akivalishwa sweta huenda si mdekaji.

Ila tahadhari moja kuhusu sweta: sufu yenyewe nayo huwasha. Unywele wa sufu ukizidi unene wa maikromita 30 hivi, yaani sehemu tatu za mia za milimita, haupindi ukigusa ngozi, unadunga. Ukiona muwasho uko mikononi na kifuani pia, lebo umeisingizia.

Namna ya kupima kabla ya kulipa

Geuza nguo. Pitisha sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono, si ncha ya kidole, juu ya lebo. Vidole vya mtu mzima vimezoea kazi, havikwambii ukweli. Kisha ikunje pembe ya lebo na uibonyeze taratibu kwenye ngozi hiyohiyo. Ikikunjika kama karatasi ya chooni, salama. Ikisimama kama kadi ya simu, rudisha. Mwisho tafuta ncha za uzi mwanzoni na mwishoni mwa mshono. Haya yote hayachukui nusu dakika.

Sasa mpangilio wenyewe, bora kwanza.

1. Maandishi yaliyochapwa kwenye nguo yenyewe

Hakuna cha kushindana nayo. Jina la kampuni, saizi na alama za kufua vimechapwa ndani ya shingo, hakuna kilichoshonwa. Kampuni ya nguo za ndani ya Hanes ilipoanza kuuza fulana za namna hii Marekani mwaka 2002, ililifanya jambo hilo kuwa tangazo zima, na si ajabu: ni watu wachache wasiojua kero hii. Leo fulana, chupi na nguo za mazoezi za bei zote zinapatikana hivi.

Kasoro zipo. Maandishi hufutika, na baada ya kufua mara nyingi hujui tena kama ile fulana ni yako au ya mdogo wako. Kwenye fulana nyeupe nyepesi, wino mweusi huonekana kwa nje kama doa mgongoni. Pia tofautisha wino mwembamba na lile tabaka nene la kubandikwa kwa joto. Lile nene ukiligusa linateleza kama plastiki, halipitishi jasho, na likizeeka linapasuka na kuinuka kingo. Kwa watoto wachanga mimi hulikwepa kabisa. Mwaka 2008, tume ya usalama wa bidhaa Marekani ilitoa tahadhari baada ya baadhi ya watoto wachanga kupata upele mgongoni, palepale penye lebo ya kubandikwa yenye tabaka zito. Maandishi membamba yasiyo na kivimbe chini ya kidole hayana shida hiyo.

2. Lebo ya kuchanika

Hii wengi hawaijui. Hupatikana zaidi kwenye fulana tupu zinazouzwa kwa wachapaji, wanaotaka kuondoa jina la mtengenezaji na kuweka lao. Lebo ina mstari dhaifu karibu na mshono. Unaishika, unaivuta pembeni polepole, inatoka. Ukivuta kwa hasira kuelekea juu inabakisha manyoya, nayo manyoya yanawasha. Ikitoka vizuri, una fulana isiyo na kitu shingoni kwa bei ya fulana ya kawaida. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu: ukishaichana, habari zote za kufua zimekwenda nayo.

3. Lebo iliyoshonwa pande zote nne, kingo zikiwa zimekunjwa ndani

Utaikuta kwenye mashati ya kola, imekaa kwenye kile kipande cha mabegani. Ukingo uliokatwa kwa moto upo, ila umefichwa chini, na pembe haina pa kuinukia. Ukubwa wake hautishi. Nimeona lebo pana kama kiganja isiyosumbua, na nyingine ndogo kama ukucha inayotesa.

Usichanganye hii na ile iliyoshonwa ncha mbili tu, kushoto na kulia. Hiyo katikati inabaki wazi kama mdomo, inajaa jasho, inajikunja ikifuliwa, na baada ya miezi michache inasimama yenyewe kama tuta. Ukiiona, mpe fundi cherehani aipigie mshono juu na chini. Kazi ya dakika tano.

4. Kitanzi cha satini au cha pamba

Utepe mmoja umekunjwa katikati, ncha zote mbili zimezama ndani ya mshono wa shingo. Kinachogusa ngozi ni mkunjo, na mkunjo ni laini. Tatizo ni kingo za pembeni. Satini inakuja kwa namna mbili: kuna yenye ukingo uliofumwa, ambao uzi wenyewe umegeuka na kurudi, na kuna iliyopasuliwa kwa moto kutoka kwenye kitambaa kipana. Kwa macho zinafanana. Pitisha kifundo cha mkono pembeni utajua mara moja, moja ni utepe wa zawadi, nyingine ni ukingo wa karatasi. Iliyopasuliwa mimi naihesabu pamoja na namba sita, hata kama inang'aa vipi. Ya pamba ni laini zaidi na inazidi kulainika kila ikifuliwa, ingawa maandishi yake hufifia mapema.

5. Kitabu cha ubavuni

Shingo imeachwa safi, mteja anafurahi, kumbe habari zote zimehamia kwenye mshono wa ubavu: kurasa tano, sita, lugha kumi. Hili linatokana na biashara ya kuuza nguo ileile nchi nyingi, kila nchi na matakwa yake. Sheria ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano, inataka aina za nyuzi zielezwe, na kila nchi mwanachama inaweza kudai lugha yake. Ukivaa mkanda juu yake, au ukibeba begi la upande huo, unaikumbuka siku nzima. Nzuri yake ni kwamba ni rahisi kuiondoa na hakuna anayeona ilipokuwa. Kwa chupi na sidiria, hapana. Hapo nguo inabana muda wote na ngozi haina nafasi ya kupumua. Ukikuta kurasa hizo kwenye mshono wa kiunoni au kwenye kifungo cha mgongoni, iache dukani.

6. Nailoni ngumu, upande mmoja tu umeshonwa, kwa uzi wa plastiki

Hii ndiyo ya lile shati langu. Imening'inia kama ulimi, pembe mbili ziko huru, ukigusa inalia kwa sauti ya karatasi. Haina dawa kwa kufua. Niliwahi kuiloweka na kilainishi cha nguo usiku kucha, asubuhi ikawa ngumu vilevile, ila inanukia. Nguo ikiwa nzuri mno huwezi kuiacha, hesabu gharama ya kuifumua ndani ya bei.

Ukishanunua, ondoa hivi

Mkasi ndio kosa la kwanza la kila mtu. Mkasi hauwezi kufika kwenye mshono, kwa hiyo unaacha kisiki, na kisiki ni kifupi, kwa hiyo hakipindi. Nunua kile kijichuma cha kufumulia mishono, chenye ncha mbili kama uma mdogo na makali katikati. Ni kitu cha bei ndogo na kinadumu miaka. Geuza nguo, angalia kama mshono wa lebo ni wake peke yake au ndio huohuo unaoshikilia kola. Ukiwa wake, kata nyuzi moja kila baada ya mbili au tatu, kisha uvute lebo, itaachia yenyewe. Ukiwa wa kola, usiufumue: kata lebo kwa wembe mpya ukilala karibu kabisa na mshono, halafu uchomoe vipande vilivyobaki kwa kibano cha nyusi, kimoja kimoja. Au mpelekee fundi, hasa kama nguo ni ya kitambaa chepesi. Mimi nimetoboa fulana mbili kwa kujiamini.

Vipo pia vibandiko laini vya kufunika lebo. Vinafaa kwa koti la kuazima au sare ambayo huruhusiwi kuigusa. Vinginevyo ni kuongeza kitu juu ya kitu, na gundi yake ikilegea kwa jasho utajuta.

Kabla ya kukata chochote, ivae nguo nyumbani robo saa ujue kama unaipenda, maana duka nyingi hazipokei nguo iliyokatwa lebo. Kisha piga picha ya lebo kwa simu. Alama zile ni lugha ukiizoea: beseni ni kufua, pembetatu ni dawa ya kuondoa rangi, mraba ni kukausha, duara ni kazi ya dobi mwenye mashine, na pasi ni pasi. Nukta moja ndani ya pasi ni joto la chini, mbili la kati, tatu la juu. Picha zangu ninaziweka kwenye albamu moja na kuandika jina la nguo chini yake. Ya lile shati la samawati nilisahau kupiga, na ndiyo sababu hadi leo linaning'inia kabatini na makunyanzi yake, kwa sababu sijui lilitaka nukta ngapi.