Seti ya kuunda atomi kwa gololi: kuhesabu iko poa, ukubwa inadanganya

Nina hii seti kama miezi miwili sasa, nilimchukulia mpwa wangu ameanza kemia na kila jioni ananiambia anko mi haya mambo ya atomi siyaoni, basi nikachoka kumchorea maduara kwenye daftari nikasema acha nimpe kitu cha kushika. Ndani ya boksi unakuta gololi nyekundu 20 ndo protoni, za kijivu 20 ndo nyutroni, za bluu ndogo kidogo 20 ndo elektroni, kibakuli cha kiini (katikati ya atomi, protoni na nyutroni zinapokaa) na pete nne za plastiki zenye matundu ya kupachika elektroni. Na kijitabu, ambacho ntakirudia maana kina kesi yake.

Kwenye kuhesabu aisee hii kitu inafundisha. Dogo aliunda kaboni, nyekundu 6, nikamwambia ongeza nyekundu moja uangalie jedwali la elementi, akakuta naitrojeni, akashangaa kweli, "yaani anko moja tu imeongezeka basi si kaboni tena?" Ndo hivyo, jina la elementi linashikwa na protoni peke yake. Nikamwambia rudisha sita zako na nyutroni 6, sasa tia nyutroni mbili zaidi, akawa anasubiri jina libadilike, wapi, bado kaboni ila imekuwa nzito, kaboni-14, ile ile wanayopimia umri wa mifupa ya kale. Isotopu, yaani elementi ile ile ila idadi ya nyutroni tofauti, aliielewa hapo hapo, bila mi kutaja hilo neno. Na sodiamu ukiitoa ile elektroni moja ya pete ya nje inabaki na protoni 11 (chanya) na elektroni 10 (hasi), chaji chanya moja imezidi, hesabu ya mtoto kabisa.

Sasa lawama. Utataka hiyo elektroni ya sodiamu uipeleke kwenye klorini, si ndo chumvi yenyewe? Huwezi. Kibakuli ni kimoja na hata kingekuwa viwili, sodiamu inataka protoni 11 na klorini 17, jumla 28, we unazo 20. Somo linakatika pale pale linapoanza kunoga. Halafu boksi limeandikwa unaunda elementi 20 za mwanzo, sio kweli, agoni ya kawaida ina nyutroni 22 na humu ziko 20. Tulikaa tunatafuta mbili zilizopotea kumbe hazikuwahi kuwepo! Kwa hiyo haidrojeni mpaka klorini sawa, agoni hapana, potasiamu na kalsiamu zinaingia. Inachekesha kidogo lakini ni kweli, agoni namba 18 ni nzito kuliko potasiamu namba 19, ndo maana jedwali linapangwa kwa protoni sio kwa uzito.

Kijitabu sasa. Picha ya potasiamu imechorwa elektroni 2, 8, 9, kuanzia pete ya ndani kwenda nje. NI KOSA. Najua walivyofikia hapo, pete ya tatu ina matundu 18 na ni kweli inabeba hadi 18, sasa mtu anaona nafasi ipo anapachika, ila ile ya 19 inakwenda pete ya nne kwa sababu huko nishati yake inakuwa chini, kwa hiyo ni 2, 8, 8, 1. Na sio ubishi wa bure, hiyo moja ya nje ndo inaifanya potasiamu iwe na vurugu kwenye maji kama sodiamu. Mtoto akikariri 9 atashangaa kwa nini hizo mbili ziko safu wima moja kwenye jedwali. Mi nimekata kwa kalamu. Ukurasa wa historia uko sawa, elektroni 1897, kiini 1911, nyutroni ikachelewa mpaka 1932.

Ukubwa ndo usiseme. Kiini cha hii seti kina upana kama sentimita 5, atomi halisi ina upana mara elfu kumi hadi laki moja ya kiini chake, kwa hiyo pete ya nje ilitakiwa iwe na upana wa kuanzia nusu kilomita mpaka kilomita 5, humu iko kama sahani. Na elektroni ni nyepesi mara kama 1,836 kuliko protoni, wao wameifanya nusu yake. Hazizunguki kwenye pete vile pia, huo ni mchoro wa mwanafizikia Bohr wa 1913, baadaye ikajulikana ni kama wingu tu, unataja uwezekano wa kuikuta sehemu fulani. Boksi zima halina hata mstari mmoja wa kusema hili, mwambie mwenyewe mtoto mapema.

Nyota tatu na nusu, nunua kama utakaa naye, usimwachie peke yake na kile kijitabu. Matundu yamelegea, elektroni zinadondoka hovyo, nyingi zetu ziko chini ya kochi saa hizi tunatumia shanga, na kwa udogo shanga ziko karibu na ukweli kuliko zile za kiwandani.