Kalamini na harara za kaskazi: yaliyonikuta mimi

Joto la kaskazi ya mwaka huu limenitesa. Nyumba yetu iko ndani kabisa Mkomani, hapa Lamu, kichochoro hakipitishi punda wawili, na umeme ukikatika adhuhuri feni inanyamaza. Harara zikanitoka shingoni, kifuani, mgongoni. Usiku najikuna mpaka nachubuka.

Mamangu akataka kunisagia liwa, ule mti wa kunukia, kwa marashi mawaridi. Liwa inapoza, tena inanukia, lakini bei yake siku hizi si ya kujipaka mgongo mzima. Nikaenda duka la dawa Langoni, nikapewa chupa ya kalamini, dawa ya maji ya kupaka ngozi inayowasha, kwa shilingi 150.

Nilidhani nimeibiwa. Namimina, yanatoka maji matupu! Kumbe unga wote umelala chini kama tope. Nikaitikisa hadi ikawa uji wa pinki. Unga wenyewe ni wa madini ya zinki, na ile rangi ni ya oksaidi ya chuma, kidogo tu iliyotiwa humo.

Nilijipaka kwa pamba. Maji yanapokauka ndipo ngozi inapopoa, na usiku ule nililala, jambo ambalo sikulifanya wiki nzima. Ila ikishakauka inakuwa kama chokaa ukutani: ukigeuza shingo inavuta, kisha inameguka. Asubuhi foronya imejaa vumbi, na kwenye buibui jeusi lile doa linaonekana tangu mwisho wa mtaa. Siku ya harusi usithubutu.

Haikai sana pia. Saa tatu nne hivi, mwasho unarudi, unapaka tena. Na pale nilipochubuka iliniunguza hadi machozi, kwa hiyo kwenye kidonda sipaki.

Nikajiona daktari. Mwanangu alipoanza kuwashwa katikati ya vidole nikampaka siku nne. Anatulia kidogo, usiku anaanza upya. Muuguzi alitazama vidole tu: "Dada, huu ni upele. Mtatibiwa nyumba nzima." Tukapakwa dawa nyingine, benzili benzoeti, wote hadi mamangu aliyekuwa akilalamika harufu, na mashuka yakafuliwa kwa maji moto. Kalamini huwezi kuilaumu hapo, haiui wadudu wanaoleta upele huo.

Sasa niko chupa ya pili. Nimeiandika TIKISA kwa kalamu nene, maana ile ya kwanza mume wangu alijipaka maji yote ya juu akaniachia tope.