Uzoefu wangu na Last Vegas: wazee wanne, msiba mmoja na flashi isiyosoma

Last Vegas ni filamu ya mwaka 2013, dakika 105, imeongozwa na Jon Turteltaub. Nimeiangalia kwa njia tatu: kwa simu ndani ya treni ya Kigoma, kwa TV ya inchi 32 sebuleni Isevya, na kwa projekta kwenye ukuta mweupe hapahapa Tabora, watazamaji wakiwa wastaafu watupu. Filamu ni ileile, ladha ilitofautiana kama mchana na usiku. Ni filamu nyepesi, na vitu vyepesi ndivyo vinavyoharibika haraka mtu akikosea maandalizi.

Kisa kwanza. Wazee wanne waliokulia Flatbush, Brooklyn, wanakutana tena wakiwa na miaka kama 70. Billy, anayeigizwa na Michael Douglas, ni tajiri wa Malibu na anataka kuoa binti ambaye umri wake haufiki nusu ya umri wake yeye. Uchumba wenyewe kautangaza akiwa amesimama kumwelezea marehemu kwenye maziko. Wenzake wanaamua kumpeleka Las Vegas kumuaga ukapera. Archie, ambaye ni Morgan Freeman, aliwahi kupata kiharusi kidogo na mwanawe anamlinda kama yai, kwa hiyo anaaga kwamba anakwenda kambi ya kanisa na kutoroka. Sam, ambaye ni Kevin Kline, yuko Florida na viungo vya bandia mwilini, amechoka na maisha ya ustaafu mpaka mkewe anampa bahasha yenye kondomu, kidonge cha Viagra na ruhusa. Wa nne ni Paddy, Robert De Niro, mgane anayeshinda ndani na joho la kulalia. Huyu hataki hata kusikia jina la Billy. Sam na Archie wanampakia kwa uongo.

Sababu ya Paddy ndiyo uti wa mgongo wa filamu nzima: mkewe, Sophie, alifariki, na Billy hakuja msibani. Nadhani wenyewe Marekani waliliona hili kama ugomvi wa kawaida tu wa kusogezea hadithi. Hapa Tabora jambo hili lina uzito mwingine. Harusini mtu anaweza kukosa, akatuma mchango na mambo yakaisha. Msiba wa mke wa rafiki uliyecheza naye mchangani, na nauli unayo? Pale ukutani palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akicheka tangu mwanzo. Jambo hilo lilipotajwa aliweka kikombe cha kahawa chini na hakukigusa tena mpaka Paddy na Billy waliposemezana. Kwa nini Billy hakuja, sisemi. Kuna siri ya ujana ndani yake, na ukiijua mapema nusu ya pili inakosa nguvu.

Vichekesho vyake ni vya utani, na kwa hilo wenyeji wa huku tuna faida. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo unaunganishwa na misafara ya wapagazi iliyokuwa ikienda pwani na kurudi: watu waliosafiri pamoja na kuzikana njiani wakapata haki ya kutukanana bila kununa. Filamu inaendeshwa na mtambo huohuo. Sam na Archie wakimrushia Paddy neno, analirudisha na kicheko ndani yake. Billy akirusha, jibu linarudi na makali matupu. Ukiisikiliza hiyo tofauti, utajua urafiki umefika wapi kabla ya mtu yeyote kueleza.

Ndiyo maana siwashauri kuiangalia ile iliyotafsiriwa na DJ. Kwenye filamu za ngumi na bunduki mtafsiri anaongeza utamu, hilo sibishi. Hapa anafunika. Kazi kubwa ya De Niro ni uso na kimya: anaulizwa swali, anatazama pembeni, sekunde mbili zinapita. DJ hawezi kuachia sekunde mbili zipite bure, atazijaza.

Waigizaji wanne hao, pamoja na Mary Steenburgen anayecheza Diana, mwimbaji wa ukumbi mdogo wa hoteli kongwe, kila mmoja ana tuzo ya Oscar nyumbani. Inaonekana. Maneno ya kawaida kabisa wanayasema yakakaa. Jambo moja tu lilizua ubishi: Freeman alizaliwa 1937, Kline 1947. Miaka kumi. Kwetu huyo si rika, huyo ni wa kumwamkia shikamoo, na filamu inatutaka tuamini walicheza pamoja utotoni. Wazee walilisamehe, lakini walilisema.

Ukiionyesha kwa watu wasiofuata Kiingereza, eleza mambo matatu kabla hujabonyeza kitufe, usingoje katikati. La kwanza, hiyo sherehe ya kuaga ukapera ni ya wanaume. Sisi tumezoea kichen pati na sendi-ofu za upande wa bibi harusi, kwa hiyo watu watakuwa wanauliza bibi harusi yuko wapi. La pili, kuna kijana mkorofi anayeshikishwa adabu kwa kuaminishwa kwamba wazee hawa ni wakubwa wa genge la mafia. Asiyejua mafia ni nini haoni kwa nini kijana anatetemeka. La tatu ni mchezo wa karata wa 21. Unatafuta jumla ya 21 au karibu yake bila kuzidi. Karata za picha ni 10 kila moja, A ni 1 au 11 upendavyo, na mgawaji analazimika kuendelea kuvuta mpaka afikishe 17. Ukizidi 21 umeungua, hata kama mgawaji naye ataungua baada yako. Dakika mbili za maelezo zinatosha, kwa sababu hapo mbele Archie anatoa nusu ya fedha zake za pensheni, anaziweka mezani, na anaondoka na zaidi ya dola 100,000. Kwa wastaafu wetu hii ndiyo sehemu iliyotoa kelele nyingi kuliko zote. Neno kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, lilitajwa kabla karata ya kwanza haijagawiwa.

Sasa mitambo. TV nyingi za miaka ya nyuma zinakubali MP4 yenye picha ya H.264 na sauti ya AAC. Ukiwa na faili la MKV la x265, yaani lenye mfinyo mpya zaidi wa picha, TV ya zamani itagoma kabisa, au utapata sauti juu ya kioo cheusi. Ukipata kinyume chake, picha safi na kimya, mara nyingi sauti iliyomo ni ya DTS ambayo TV haiisomi. Kubonyeza rimoti hakusaidii. Tafuta faili lingine, au cheza kwa laptop yenye programu ya VLC na waya wa HDMI. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4, hata kama ni flashi ya gigabaiti 64; ifomati kwa exFAT, lakini hakikisha kwanza TV yako inaisoma exFAT, maana si zote. Kwa ukuta wa mita mbili huhitaji faili kubwa. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde dakika 105 zinakula kama megabaiti 790, na filamu hii ina watu wanaoongea vyumbani, haina milipuko.

Maandishi ya chini (subtitle) ndiyo yanayosumbua zaidi. Faili la srt lipe jina sawasawa na la video, herufi kwa herufi, liwe folda moja nalo, la sivyo TV hailioni. Yakichelewa au kuwahi kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC bonyeza G kuyawahisha na H kuyachelewesha. Kila mbonyezo ni milisekunde 50, kwa hiyo sekunde moja ni mibonyezo 20. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo: mwanzoni yanakaa vizuri, kadiri filamu inavyokwenda yanaachana. Hapo mwendo wa picha umetofautiana. Filamu imetengenezwa kwa picha 23.976 kwa sekunde, na kuna nakala zilizokimbizwa hadi 25. Tazama urefu wa faili: likisoma saa 1 na dakika 41 badala ya 45, unalo lililokimbizwa, na maandishi ya lile la kawaida yatakuwa yamebaki nyuma kwa dakika nne kufikia mwisho. G na H hapo ni kujichosha. Pata srt ya mwendo huohuo.

Spika ya bluetooth usiitumie. Sauti inachelewa kidogo nyuma ya midomo, na utani ukifika baada ya uso umeshapoa. Tumia waya wa AUX. Kama huna, VLC ina J na K za kusogeza sauti.

Umeme nao uupigie hesabu. TV ya LED ya inchi 32 inakula kama wati 50, spika 20. Kwa saa 1 na dakika 45 ni wati-saa 123, weka 150 kwa sababu inveta inakula chake. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, ila betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unazo 300. Inatosha. Projekta ya wati 100, laptop ya 45 na spika vinapanda mpaka wati-saa 290 kabla ya hasara ya inveta, na betri hiyohiyo itaanza kulia Paddy na Billy wakiwa ndiyo kwanza wanafungua mioyo. Hapo tafuta ya ampea-saa 75 au zaidi.

Kwenye treni ni rahisi kuliko yote, mradi uipakue kabla ya kuondoka Tabora, maana mtandao porini unakatikakatika. Unaianza mkiiacha stesheni na inaisha Kaliua bado iko mbele. Vaa spika za masikioni za kuziba. Kelele za magurudumu zinameza sauti ya chini ya Freeman.

Kuhusu nani akae na nani: kuna shindano la mabinti wenye nguo za kuogelea kwenye bwawa la hoteli, wazee wetu wanne wakiwa majaji, na lile la kidonge cha Sam linarudi zaidi ya mara moja. Hakuna uchi, lakini ukiwa umekaa na baba mkwe utajikuta unaitafuta rimoti chini ya mto. Tenga wanaume wa rika moja, au kinamama wa rika moja. Wakichanganyika, kila mtu anacheka akiwa amefunga mdomo.

Kasoro zipo. Kiharusi cha Archie kinatajwa, halafu anakesha anakunywa kama kijana. Bibi harusi hana kazi, yupo tu ili Billy awe na mtu wa kuoa. Picha za Aria, hoteli wanayofikia, ni nyingi mno, kuna dakika unahisi unauziwa chumba. Na theluthi ya mwisho inajulikana kwa mbali itakavyofungwa, isipokuwa ile siri. Lakini Steenburgen anaiokoa: kila akitokea, wale wazee wanaacha kufanya ujana na wanaongea kama watu wa umri wao. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, nne ukiwa na rika lako.

Kwa ukutani, subiri swala ya Isha ipite. Ukianza saa 2:20 usiku, giza limeshakolea na ukuta unashika rangi, na saa 4:05 mmemaliza. Usizime mitambo majina yanapoanza kupanda. Waache wakae na kahawa, kwa sababu hapo ndipo wanaanza kutajana nani hakuja msibani kwa nani.