Kibubu cha mbao: tathmini kwa Mkristo anayeweka akiba

Mwanzo wa mwaka ndio msimu wa vibubu. Kwa kazi yake, kisanduku hiki kinastahili sifa: hakina makato, hakitaki mtandao, wala hakikukopeshi usiku wa manane. Kasoro zake ni za aina mbili. Za mbao utaziona ukiwa bado kwa fundi. Za moyo huanza kikishajaa nusu.

Tuanze na mbao. Chukua kilichotengenezwa kwa mbao kavu, maana mbichi ikikauka hujikunja, kona zikaachia, na noti zikachomolewa bila kitu kuvunjwa. Tundu la upana wa milimita 4 linatosha sarafu na noti iliyokunjwa mara mbili. Likizidi hapo, kisu chenye chingamu kwenye ncha kinafanya kazi yake, na watoto huijua mbinu hiyo mapema kuliko wazazi wanavyodhani. Kitako kiwe cha misumari na gundi. Vile vya skrubu au kufuli vinapendeza, lakini bisibisi ikiwa karibu, baada ya wiki tatu umebaki na pochi ya mbao.

Vyenye kioo mbele hatuvipendekezi kabisa. Kioo ni dhaifu, hilo moja. La pili ni kwamba kimewekwa ili fedha itazamwe, na Mhubiri 5:11 aliuliza zamani mwenye mali anafaidi nini zaidi ya kuitazama kwa macho.

Kwa wakazi wa pwani, unyevu ni adui: noti hushika ukungu. Kiweke juu ya rafu, mbali na ukuta na sakafu. Yesu alitaja nondo, kutu na wevi (Mathayo 6:19). Kwenye kibubu ongeza mchwa, na ongeza Benki Kuu. Tanzania ilitoa muda wa Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 kubadilisha noti za zamani, zikiwemo za mwaka 1985 hadi 2003 na ile ya shilingi 500 ya 2010. Noti hizo zikisahaulika kibubuni hadi baada ya tarehe hiyo, ni karatasi tu.

Sasa moyo. Paulo anaposema shina la mabaya ya kila namna, hasemi fedha, anasema kupenda fedha (1 Timotheo 6:10). Biblia haina ugomvi na kisanduku. Kuhani Yehoyada alitwaa kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha ikiwa nyingi ilihesabiwa, wakalipwa maseremala na waashi waliotengeneza nyumba ya Bwana (2 Wafalme 12). Wakorintho nao waliambiwa kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma, kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Akiba hizo zote mbili zilikuwa na kazi iliyotajwa. Kibubu kisicho na kazi ndicho kinachogeuka madhabahu yenyewe.

Kwa hiyo, siku ya kununua, andika kwenye kitako kwa kalamu ya wino mzito: ya nini, kiasi gani, kinavunjwa tarehe ngapi. Toa zaka na sadaka kabla ya kutumbukiza chochote. Ule mpango maarufu wa wiki 52, wa kuanza na shilingi 1,000 na kuongeza 1,000 kila wiki, unafikisha 1,378,000, lakini wiki nne za mwisho pekee zinadai 202,000, tena Desemba. Hapo ndipo watu huanza kupunguza sadaka ili wasikose lengo. Weka 26,500 kila wiki. Jumla ni ile ile.

Dalili mbaya ni rahisi kuzijua. Unakitikisa kila usiku kusikia uzito. Jirani anaomba nauli ya kumpeleka mtoto hospitali, unasema huna, na huoni kama umesema uongo. Mwenzi wako hajui kama kipo. Anania na mkewe Safira (Matendo 5), walioficha sehemu ya fedha ya kiwanja, walau walificha wakiwa wawili. Nyingine, ambayo wengi huiona ni maendeleo: kimejaa, tarehe imefika, badala ya kukivunja unanunua kikubwa zaidi. Tajiri wa Luka 12 alikusudia hivyo hivyo kwa ghala zake, na usiku ule ule roho yake ikatakwa.

Usiache humo kiasi ambacho moto mmoja ukikichukua utashindwa kulipa ada au kodi. Kikifika hapo, kivunje hata kabla ya tarehe, upeleke benki au SACCOS.

Kuvunja: tandika shuka, geuza kitako juu, piga nyundo pembeni, si katikati, usichane noti. Hesabuni wawili, mmoja akiandika. Vipande vya mbao vinawasha jiko la mkaa vizuri, ila ng'oa misumari kwanza.